Usiniambie Gredi, Niambie Kemia

Kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa, simu yangu hujaa ujumbe kutoka kwetu Turkana: Lopur, Kakuma mjini na hata Lodwar. Wengi huuliza jambo moja: "Kaka, nimepata A-. Nitaingia udaktari?" Nami huwarudishia swali: Kemia umepata nini?

Mimi ni mtoto wa Lopur, na sasa nasomea udaktari Eldoret. Likizo zangu nyingi huishia mezani na watahiniwa, karatasi ya matokeo mbele yetu na kikokotoo pembeni. Nimeona vijana wenye uwezo wakiikimbia kozi hii kwa woga tu, na wengine wakijaza udaktari kila mstari kwa sababu kijiji kizima kimeshaanza kuwaita daktari. Pande zote mbili zingesaidiwa na hesabu ya dakika kumi.

Anza kwa kuiweka kando gredi ya jumla. Tangu KCSE ya 2023, gredi hiyo hutokana na Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano uliyoyafanya vizuri zaidi. Udaktari hauchagui hivyo. Wenyewe unatazama masomo manne: Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. A ya Dini itakupandisha gredi, na ni haki yako kuifurahia, lakini haimo katika manne hayo.

Chukua wanafunzi wawili wa kubuni, kila mmoja ana alama 76 kati ya 84, yaani A-. Wa kwanza ana A ya Biolojia, na A- za Kemia, Hisabati na Kiingereza. Manne yake yanatoa 45 kati ya 48. Wa pili ana A za Dini, Jiografia na Biashara, lakini Biolojia ni B+, Kemia B, Hisabati A- na Kiingereza B+. Manne yake ni 40. Nyumbani kwao watachinjiwa mbuzi wa ukubwa uleule. Kwenye udaktari wako mbali sana.

Umbali huo unaweza kuukadiria mwenyewe. Gawanya alama za masomo manne kwa 48, kisha alama za masomo saba kwa 84. Zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, halafu zidisha kwa 48. Wa kwanza anapata kama 44.2, wa pili kama 41.7. Hili ni kadirio la kukupa mwanga tu. Alama za klasta, yaani alama zako kwa kundi la masomo ya kozi husika, za kuaminiwa ni zile utakazoziona ukiingia kwa namba yako ya mtihani katika tovuti ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, maana hesabu yao ina mambo zaidi na mara nyingi haitoki sawa na yako. Lakini ukifanya kadirio kwa matokeo ya mtihani wa majaribio (moku), utajua mapema ni somo gani linakuvuta chini.

Ukishaona alama zako, linganisha na alama za mwisho za kila chuo: Nairobi, Moi, Kenyatta, Maseno, Egerton na vinginevyo. Hapa watu wengi hupotoka. Alama hizo hazikuwekwa na mtu kabla ya mchujo. Ni alama za mwanafunzi wa mwisho aliyepata nafasi mwaka ule. Ni kama alama ya maji kwenye kingo za mto Tarach: inaonyesha mafuriko yaliyopita yalifika wapi. Mwaka 2023 waliopata A kamili nchini walikuwa 1,216. Mwaka 2024 wakawa 1,693. Si wote wanaotaka udaktari, lakini wakiongezeka hivyo, usitegemee mstari wa mwaka jana utabaki palepale.

Kwa hiyo mimi hutumia kipimo hiki, na ni changu mwenyewe. Ukizidi mstari wa mwaka jana kwa alama nzima au zaidi, weka chuo hicho bila wasiwasi mwingi. Ukiwa ndani ya nusu alama, juu au chini, kiweke, lakini machaguo mengine yawe ya kozi unazoweza kuzisoma kwa moyo: uuguzi, famasia, tiba ya kliniki. Ukiwa chini kwa alama mbili, usiupe udaktari zaidi ya chaguo moja. Na usijaze chaguo la mwisho kwa kubahatisha, kwa sababu watu hupangiwa huko kweli.

Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, iliyoanzisha KUCCPS, inaitaka izingatie usawa kwa jamii zilizotengwa na watu wenye ulemavu. Turkana tunahusika. Hata hivyo, jaza fomu kana kwamba hakuna atakayekubeba. Msaada ukija, uje juu ya hesabu iliyo sawa.

Kwa walio bado kidato cha tatu, nawasihi mtazame karatasi ya tatu ya Kemia na Biolojia, ile ya vitendo. Ndiyo inayotuumiza huku. Mwanafunzi anayeshika bureti mara ya kwanza wiki ya mtihani hashindani sawa na mwenzake, hata kama nadharia anaijua vizuri kumshinda. Mwombe mwalimu mapema. Ikibidi, shule mbili jirani zichangie kemikali. Gredi moja ya Kemia hapa inaweza kuamua mambo yote.

Marafiki zangu wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mtihani wetu ni mmoja lakini mlango si mmoja. Nafasi za KUCCPS kwa kawaida zimekuwa za raia wa Kenya. Kwa mkimbizi, njia zinazojulikana zaidi ni ufadhili wa DAFI, ulioanza 1992, mwaka uleule kambi ilipofunguliwa, na mpango wa WUSC wa kwenda Kanada. Kwa DAFI, uliza kabla ya kuomba kama watagharamia kozi ya miaka sita. Kwa WUSC, fahamu kwamba Kanada udaktari kwa kawaida husomwa baada ya shahada ya kwanza, kwa hiyo safari yako itaanzia kwenye sayansi nyingine. Ni ndefu, na ni halali kabisa kuichagua.

Jambo la karo lifanyie kazi wiki ileile unayojaza machaguo. Mkopo wa HELB una fomu yake, basari ya kaunti na ya NG-CDF zina zao, na kila moja ina tarehe ya mwisho. Barua ya chifu na nakala za vitambulisho vya wazazi ziwe tayari. Mzazi akiwa malishoni mbali, mtafute sasa, kabla tovuti haijafunguliwa.