Hunisikii, au Hutaki Kunisikia?



Ugomvi mwingi wa nyumbani huanza na maneno haya: "Nimekwambia mara tatu, na hunijibu." Mke huona amedharauliwa. Mume naye hushikilia kwamba hakuambiwa lolote. Huenda wote wawili wanasema kweli. Kabla hamjawaita wazee wawapatanishe, jiulizeni kwanza: je, masikio ni mazima?

Kupungukiwa na usikivu si jambo la wachache. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji kusaidiwa kwa sababu hiyo. Wengi wao wana mume au mke, na shida yao ni ya watu wawili.

1. Mbona wengine anawasikia?

Usikivu ukipungua kwa sababu ya uzee au kelele, kwa kawaida sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza. Sauti nzito hubaki. Sasa angalieni: a, e, i, o na u husikika kwa nguvu, lakini s, f, k, p na t ni nyembamba na hafifu. Kwa hiyo mtu husikia kwamba umesema, asijue umesema nini. Unasema "nimepika", yeye anasikia "nimefika".

Tena, sauti za wanawake na watoto ni nyembamba kuliko za wanaume. Ndiyo sababu baba anaweza kuongea vizuri na mzee mwenzake chini ya mti, kisha asimsikie mkewe anayemwita kutoka jikoni. Mama, usikimbilie kusema kwamba anachagua wa kumsikia. Huenda sikio ndilo linalochagua, wala si moyo.

2. Nendeni mkapimwe pamoja

Visababishi ni vingi: umri, miaka mingi kwenye mashine ya kusagia unga au karakana ya jua kali, usaha wa masikio, homa ya uti wa mgongo, na baadhi ya dawa kama streptomycin. Mara nyingine ni nta tu iliyoziba, na ikitolewa na mhudumu wa afya mtu husikia tena siku hiyo hiyo. Msiichokoe kwa njiti ya kiberiti wala unyoya wa kuku. Na usikivu ukipotea ghafla, kwa saa chache au siku chache, msingoje. Mwoneni daktari mara moja, kwa maana matibabu ya mapema yana nafasi nzuri zaidi ya kusaidia.

Mwenzi asiye na shida aende pia. Mara nyingi yeye ndiye anayejua mambo yalianza lini.

3. Kifaa cha kusikilia

Kifaa hiki huchukua sauti, huikuza kulingana na vipimo vya sikio lako, na kuiingiza ndani. Hakirudishi usikivu wa ujana. Mwanzoni mlio wa sahani na mvua juu ya mabati utakusumbua, kwa sababu ubongo ulikuwa umesahau sauti hizo. Kivae kwa saa chache mahali patulivu, kisha uongeze siku kwa siku. Wengi hukata tamaa wiki ya kwanza, kifaa kikaishia sandukuni na fedha zikapotea.

Kitunzeni hivi: kivuliwe wakati wa kuoga, usiku kikaushwe na mlango wa betri uachwe wazi. Betri zinazotumia hewa zina karatasi ndogo. Ibandueni, mngoje kama dakika moja, ndipo muitie. Betri ziwekwe mbali na watoto, kwani kuimeza ni hatari kubwa. Kikipiga mluzi, huenda hakikukaa vizuri au sikio lina nta.

Kabla ya kununua, ulizeni bei ya betri na ya matengenezo, mkaipange pamoja kama mnavyopanga karo. Vile vinavyouzwa barabarani bila kupima sikio hukuza kila kelele. Ipo pia maikrofoni ndogo ambayo mwenzi huivaa kifuani, nayo hupeleka sauti yake moja kwa moja kwenye kifaa. Na zipo programu za simu zinazoandika maneno yanayosemwa.

4. Desturi mpya za nyumba

Kifaa peke yake hakitoshi. Wewe unayesikia, mwite mwenzako kwa jina kwanza, umtazame, mwanga uwe usoni pako. Zima redio. Usiseme ukiwa chumba kingine. Usipige kelele: kelele huharibu maneno, uso huonekana wa hasira, na majirani hujua siri zenu. Asiposikia, badilisha maneno. Na usimwambie kamwe, "Achana nayo, si kitu." Neno hilo humtoa nje ya nyumba yake mwenyewe.

Wewe usiyesikia vizuri, usiitikie "ee, ee" kwa kuona haya. Utajikuta umekubali mbuzi auzwe. Rudia ulichosikia: "Umesema Jumanne, saa nne?"

Mambo ya ndani ya wenzi yazungumzwe kabla taa haijazimwa, kwa kuwa gizani midomo haionekani. Na katika kikao cha ukoo, mwenzi asijibiwe kana kwamba hayupo. Arudiwe swali, ajibu mwenyewe.

Siku ya arusi mliahidiana uaminifu katika afya na katika ugonjwa. Sikio likipungua, ahadi hiyo huonekana katika kazi ndogo: kuinuka, kutembea hatua kumi mpaka alipo mwenzako, na kusema naye uso kwa uso.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani

1. Ni lini mara ya mwisho tulipogombana kwa sababu ya neno lisilosikika?
2. Je, kuna kifaa kilicholala sandukuni? Kwa nini?
3. Juma hili tutaanza desturi gani moja?