Akiba ya Chuo cha Watoto: Mtaiweka Wapi?



Januari karo inapodaiwa ndipo mume na mke wengi huanza kuulizana fedha zimekwenda wapi. Katika somo hili nawaomba muulizane mapema, tena si juu ya karo ya muhula ujao, bali juu ya ile kubwa inayokuja mtoto akimaliza sekondari: chuo kikuu, chuo cha ualimu, cha uuguzi au cha ufundi. Wengi wenu mmekwisha kuanza kuweka kidogo kidogo. Ubishi ulioko nyumbani si wa kuweka au kutoweka, ni wa mahali pa kuweka. Mume anataka hisa, mke anataka SACCO, na wakala wa bima ameketi sebuleni na karatasi zake akisema kwamba serikali itawapunguzia kodi.

Tuanze na huyo wakala, kwa sababu anayosema ni kweli, ila si kweli yote.

Sheria ya kodi ya mapato ya Kenya inatoa nafuu kwa mtu anayelipia bima. Ukichukua bima ya elimu ambayo mkataba wake ni wa miaka 10 au zaidi, asilimia 15 ya malipo yako hupunguzwa kutoka katika kodi unayodaiwa, mradi nafuu hiyo isizidi shilingi 60,000 kwa mwaka. Tuseme mnalipa shilingi 5,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni 60,000, na asilimia 15 yake ni 9,000. Hizo 9,000 hamtaletewa mkononi. Ni kodi ambayo haitakatwa kwenye mshahara baada ya mwajiri kupewa cheti cha kampuni ya bima, au mtaidai mnapojaza fomu za KRA za mwaka. Kwa miaka 10 inafika 90,000. Si haba.

Lakini nafuu hii ni ya mwenye kodi. Mtu asiyekatwa kodi ya mapato hana cha kupunguziwa. Ikiwa mume ni mwalimu na mke anauza nafaka sokoni, na biashara yake haijafikia kutozwa kodi hiyo, basi mkataba uandikwe kwa jina la mume. Ikiwa mke ndiye muuguzi na mume ni fundi wa kazi za hapa na pale, uandikwe kwa jina la mke, na mume asione haya. Wakala hatawauliza jambo hili, maana yeye hulipwa vilevile.

Kumbukeni pia kwamba miaka 10 ni miaka 10. Mkivunja mkataba kabla haujaiva, nafuu yote mliyopewa hudaiwa tena na kukatwa katika kile mnachorudishiwa. Na kinachorudishwa chenyewe huwa kidogo katika miaka ya mwanzo, kwa sababu malipo ya mwanzo hula gharama za kampuni na ujira wa wakala. Mkivunja katika mwaka wa 2 mnaweza kutoka mikono mitupu. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, msijiulize kama mnaweza kulipa 5,000 mwezi huu. Jiulizeni kama mtaweza kulipa mwezi ambao ng'ombe amekufa, mama mkwe amelazwa hospitalini, na mshahara umechelewa. Kama jibu ni 2,000, basi andikeni 2,000.

Kuna kifungu kimoja ambacho wakala husoma harakaharaka, nami ningetaka msome polepole. Katika bima nyingi za elimu, mzazi mwenye mkataba akifa, au akipata ulemavu wa kudumu, malipo yaliyobaki hayadaiwi tena, na mtoto atapata fedha zake tarehe ile ile iliyoandikwa. Hati ya serikali haifanyi hivyo, wala hisa. Hii ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kuchukua bima ya elimu, nzuri kuliko hata ile nafuu ya kodi. Ulizeni kama kifungu hicho kimo katika mkataba wenu. Kama hakimo, mmebaki na akiba ya kawaida ambayo imefungwa kwa kamba ndefu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wanandoa wengi hulichanganya. Nafuu ya kodi haikuzi akiba yenu. Inawapunguzia gharama ya kuingia, basi. Akiba hukua au kudumaa kulingana na mahali kampuni inapoipeleka, na hapo mara nyingi mna nafasi ya kuchagua. Kuna mikataba ambayo kampuni huahidi kiasi maalumu, halafu kila mwaka hutangaza nyongeza ya faida juu yake. Hii haipandi sana na haiogopeshi. Kuna mingine ambayo malipo yenu hununua vipande katika mfuko, na ninyi wenyewe huambiwa mchague: mfuko wa hisa, mfuko wa hati za serikali, au mchanganyiko. Hapa thamani hupanda na kushuka, na hasara ni yenu. Msikubali wakala awajazie sehemu hiyo ya fomu.

Je, mchague vipi? Hesabuni miaka iliyobaki hadi mtoto aingie chuo. Hesabu hiyo itawaamulia mambo mengi kuliko mwenye sauti kubwa nyumbani.

Chukueni hisa za Safaricom, ambazo wengi wetu tulizipigia foleni mwaka 2008. Ziliuzwa shilingi 5 kwa hisa moja. Baada ya muda mfupi zilishuka chini ya shilingi 3, na watu wakalaumiana. Mwaka 2021 zilivuka shilingi 40. Mwaka 2023 zikawa zimeshuka chini ya 15. Sasa fikirini wazazi wawili walionunua siku moja mwaka ule wa 2008. Mmoja mtoto wake aliingia chuo mwaka 2021, naye akauza kwa furaha. Mwingine mtoto wake aliingia mwaka 2023, naye akauza kwa theluthi moja tu ya bei aliyouza mwenzake. Hakuna aliyekuwa mwerevu kuliko mwenzake. Walitofautiana tarehe ya karo tu. Wote wawili walipata faida kwa sababu walikaa miaka mingi. Lakini aliyenunua mwaka 2021 kwa ajili ya karo ya 2023 alipoteza zaidi ya nusu ya fedha za mtoto.

Marekani, ambako wengi wetu tuna jamaa, kuna mpango wa akiba ya chuo ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996. Huitwa 529, kwa namba ya kifungu chake katika sheria ya kodi. Faida yake haitozwi kodi ya serikali kuu iwapo fedha zinatumika kwa masomo. Kilichonivutia mimi si kodi, bali njia ambayo wazazi wengi huko huchagua: mtoto akiwa mchanga sehemu kubwa ya akiba hukaa kwenye hisa, na kadiri anavyokua huhamishwa pole pole kwenye hati za serikali na za makampuni, hata akikaribia chuo sehemu kubwa imekaa mahali pasipotikisika. Tena sheria inamruhusu mzazi kubadilisha mahali fedha zilizomo zilipowekwa mara 2 tu kwa mwaka, ili asikimbiekimbie na habari za redioni. Hapa Kenya hatuna mpango wa namna hiyo, lakini mwendo wenyewe tunaweza kuufuata kwa mikono yetu.

Mahali petu pasipotikisika sana ni hati fungani za serikali, ambazo wengi huziita bondi. Huuzwa na Benki Kuu ya Kenya. Kwa hati za kawaida mnaanza na shilingi 50,000, na tangu mwaka 2023 mtu anaweza kufungua akaunti na kununua kwa simu yake. Riba hulipwa kila baada ya miezi 6. Riba ya hati ya kawaida hukatwa kodi asilimia 15 ikiwa hati ni ya chini ya miaka 10, na asilimia 10 ikiwa ni ya miaka 10 au zaidi. Ila kuna hati za miundombinu, zile za kujengea barabara, maji na umeme, ambazo riba yake haikatwi kodi. Hapa ndipo nafuu ya kodi inapomfikia hata yule mama wa nafaka. Februari 2024 serikali ilitoa hati ya miundombinu ya miaka 8 na nusu kwa riba ya asilimia 18.46. Aliyeweka 100,000 hupata 18,460 kwa mwaka bila kukatwa. Matoleo ya baadaye riba ilishuka, kwa hiyo someni waraka wa toleo lililoko sokoni, riba yake na masharti yake ya kodi, msisome la jirani.

Mkichagua hati, tazameni mwaka inapoiva kabla ya kutazama riba. Mtoto anayeingia chuo baada ya miaka 5 hafai kuwekewa hati ya miaka 15, hata kama riba yake inameremeta. Mkihitaji fedha kabla ya kuiva mtalazimika kuiuza sokoni, na ikiwa riba za hati mpya zimepanda, ya kwenu itanunuliwa kwa bei ya chini. Nyingine za miundombinu hurudisha sehemu ya mtaji katikati ya safari. Mjue mapema, ili fedha hizo zikifika zisije zikageuka seti ya makochi. Hata riba ya miezi 6 ina hatari hiyo. Huingia benki kimya kimya, na ikiwa hamkukubaliana inakwenda wapi, italiwa. Ipelekeni kwenye mfuko wa pamoja wa soko la fedha wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Riba yake hukatwa kodi ya asilimia 15, lakini mnaweza kuongeza hata shilingi 1,000, na mkitaka fedha zenu mnazipata baada ya siku chache. Kwa karo ya mwaka huu au ujao sioni mahali panapofaa zaidi.

Na SACCO? Ni nzuri, nami sisemi mtoke. Mkopo wake wa mara 3 ya akiba umesomesha watoto wengi wa nchi hii. Lakini akiba inayodhamini mikopo haitoki mpaka mjitoe uanachama, na ikiwa mmewadhamini wenzenu, haitoki mpaka wamalize kulipa. Mtoto hawezi kumwambia msajili wa chuo angoje mwenzake baba alipe mkopo wa pikipiki. Kwa hiyo SACCO iwe ya kukopea pale akiba inapopungukiwa, isiwe ndiyo akiba yenyewe ya chuo.

Tuweke haya katika nyumba moja. Mume mwalimu, mke muuza nafaka, mtoto mmoja ana miaka 14 na mwingine ana 4. Wa kwanza amebakiza miaka 4. Hisa hapana. Bima ya elimu ya miaka 10 pia hapana, ingawa wakala atajaribu. Mkataba ukiiva kijana atakuwa na miaka 24. Akiba yake iende kwenye mfuko wa soko la fedha, na wakiwa na 50,000 kwa pamoja wanunue hati ambayo imebakiza miaka 3 au 4. Wa pili ana miaka 14 mbele yake. Kwake bima ya elimu kwa jina la baba ina maana, kwa sababu ya kodi na kwa sababu baba anaweza kufa. Sehemu ya akiba yake inaweza kukaa kwenye hisa mpaka afike miaka 12 hivi, kisha ianze kuhamishwa kidogo kidogo kila mwaka, bila kungoja bei ipande zaidi. Anayengoja bei ipande zaidi ndiye yule wa 2023. Na jambo gumu kuliko yote: akiba ya mdogo isiguswe kwa karo ya mkubwa. Wazazi huona ni ya watoto wao wote tu, mpaka yule mdogo anapomaliza sekondari.

Fedha zilizobaki benki zikae kidogo tu. Benki ikifungwa, bima ya amana hulipa mpaka shilingi 500,000, kiwango kilichowekwa mwaka 2020, lakini hata benki ikiwa imara, kupanda kwa bei huila akiba iliyolala humo.

Baada ya kusoma haya, kaeni wawili jioni moja watoto wakiwa wamelala. Chukueni daftari, mwandike jina la kila mtoto, mwaka atakaoingia chuo, akiba yake iko wapi, namba ya mkataba, na tarehe ya kuiva. Mume asiandike peke yake kisha amsomee mke. Wapo wajane wanaozunguka ofisi kwa ofisi wakitafuta fedha ambazo marehemu aliziweka vizuri kabisa bila kumwambia mtu. Kisha toeni fomu za bima na za SACCO mtazame jina lililoandikwa pale pa mrithi. Nyingi zilijazwa kabla ya arusi, na bado zina jina la mama wa mume au la kaka yake. Fomu ya kubadilisha hupatikana katika ofisi zao, na haichukui asubuhi nzima.