Tone la Damu Linapotua Kwenye Kadi

Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022–2023 ulionesha kuwa maambukizi miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi yalikuwa asilimia 11.1 mkoani Iringa na asilimia 9.6 mkoani Mbeya, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Kwa hiyo katika kliniki nyingi za mikoa hii, kadi ya DBS, yaani karatasi ya chujio inayobeba damu iliyokaushwa, ni kifaa cha kila siku. Mtoto aliyezaliwa na mama anayeishi na VVU hupimwa kwa kadi hiyo afikishapo wiki 4 hadi 6. Kipimo cha haraka hakitoshi, kwa kuwa kingamwili za mama huweza kubaki mwilini mwa mtoto hadi miezi 18. Mtoto aliyeambukizwa asipotibiwa yumo hatarini mno: takriban theluthi moja ya watoto wa namna hiyo hufariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kadi iliyoharibika humchelewesha.

Damu si maji

Tone likigusa kitu kigumu, mwendo wake hulisukuma litandae. Mambo mawili hulizuia: mnato wake, na mvutano wa uso wake unaotaka kulirudisha katika umbo la mviringo. Tone la maji hutandaa kwa wepesi. Damu ina chembe ndani yake. Tone la mikrolita 50 hubeba zaidi ya chembe nyekundu milioni 100, na kwa mtu mzima mwenye afya chembe hizo hujaza karibu asilimia 40 hadi 45 ya ujazo wa damu. Kiasi hicho huitwa hematokriti. Kadiri chembe zinavyosongamana ndivyo mnato unavyoongezeka na tone linavyotandaa kidogo.

Karatasi huongeza jambo jingine: vinyweleo vyake huifyonza damu. Damu yenye chembe nyingi hufanya doa dogo lililoshiba. Ya mwenye upungufu wa damu hufanya doa pana lenye chembe chache. Maabara ikikata vipande viwili vya ukubwa uleule, kile cha doa dogo huwa na damu nyingi zaidi. Basi upana wa doa peke yake si kipimo cha wingi wa damu.

Hematokriti hutofautiana kwa umri na mahali. Mtoto mchanga huzaliwa na damu nzito, kisha chembe hupungua kwa kawaida katika miezi miwili ya kwanza. Mbeya ipo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwili hujibu uhaba wa oksijeni wa nyanda za juu kwa kutengeneza chembe zaidi.

Kanuni hiyohiyo huonekana kwenye kioo cha hadubini. Mtaalamu anayetandaza damu nyepesi huinua pembe ya kioo cha kutandazia. Damu ikiwa nzito, huishusha.

Kwa mhudumu

1. Pasha kisigino joto, kisafishe kwa spiriti, kisha kiache kikauke. Spiriti iliyobaki huizimua damu na kuacha pete kwenye doa.
2. Futa tone la kwanza kwa pamba kavu. Usikamue kisigino, kwani majimaji ya mwilini yatachanganyika na damu.
3. Subiri tone kubwa, kisha ligusishe kwenye duara mara moja, upande mmoja tu, bila ngozi kugusa karatasi. Tone linaloanguka kutoka juu hurusha vitone vya pembeni.
4. Usiongeze tone juu ya doa linaloanza kukauka. Chembe za kwanza zimekwisha kuziba vinyweleo, hivyo damu mpya hurundikana juu yake.
5. Geuza kadi uhakikishe damu imepenya hadi upande wa pili.
6. Ilaze mahali penye kivuli na hewa kwa saa 4 au zaidi, ikiwezekana usiku kucha. Baridi ya Juni na Julai huchelewesha ukaukaji, lakini usiianike juani wala kuiweka karibu na jiko la mkaa.
7. Ikikauka, ifungashe pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu.

Kwa mzazi

Mtoto akitobolewa mara ya pili, au ukiitwa tena kliniki kwa sababu kadi haikufaa, haimaanishi kwamba ameambukizwa. Huenda damu haikutosha au haikupenya vizuri. Rudi mapema, mfunike mtoto awe na joto, na umpakate huku mguu wake ukining'inia chini. Damu itatoka kwa urahisi. Usiache kumpa dawa za kinga alizoandikiwa wakati mkisubiri majibu.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini madoa mawili yenye upana sawa yanaweza kuwa na kiasi tofauti cha damu?
2. Tone la pili juu ya doa linalokauka lina madhara gani?
3. Katika kituo chako, kadi hukaushiwa wapi wakati wa baridi?