Prosesa na Ubao Mkuu: Uchaguzi wa Kompyuta ya Michezo Katika Nchi ya Vumbi

Prosesa ya kompyuta ikigeuzwa chali huonekana uwanja wa vituo vidogo vinavyong'aa kwa rangi ya manjano. Hiyo ni dhahabu halisi, iliyopakwa kwa unene usiofikia hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Waundaji huipaka kwa sababu dhahabu haishiki kutu, na mgusano wenye kutu huzuia umeme. Hivyo mkazi wa Geita, ambako mgodi mkubwa ulianza kuzalisha mwaka 2000, au wa Kahama, ambako Bulyanhulu ulifuata mwaka 2001, anaponunua prosesa hurejeshewa chembe ya madini ya aina ile ile itokayo ardhini kwake, kwa bei iliyo tofauti sana.

Kwa kuwa bei hiyo si ndogo, kosa katika uchaguzi huumiza. Na achukuliwe kijana wa Shinyanga mwenye kompyuta iliyotumika ofisini ng'ambo, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 7, iliyotolewa mwaka 2017. Michezo mipya inakwama, naye anataka kuiongezea nguvu. Anapata prosesa ya kizazi cha 8, anaona kwamba soketi ni ile ile yenye vituo 1,151, anaipachika, nayo inaingia barabara. Lakini kompyuta haiwaki. Fedha za miezi kadhaa zimelala mezani.

Sababu ni kwamba umbo la soketi halikubadilika, lakini kazi za vituo vyake zilibadilika. Prosesa za kizazi cha 8 ziliongezewa viini, zikahitaji vituo zaidi vya kupokea umeme. Ubao wa zamani haukutengenezwa kwa mpango huo. Kwa hiyo anayechagua prosesa huchagua pia ubao mkuu, ule ambao mafundi huuita mazabodi, na haifai kukinunua kimoja kabla ya kusoma orodha ya prosesa zinazokubaliwa iliyotolewa na muundaji wa ubao. Hata penye ubao unaofaa, mara nyingi programu ya kuamshia kompyuta iliyohifadhiwa ndani yake huhitaji kwanza kupandishwa toleo. Soketi ya AM4 ya kampuni ya AMD ni mfano mzuri: mbao zake nyingi za miaka ya nyuma huzipokea prosesa zilizotolewa mwaka 2022, lakini si kabla ya programu hiyo kufanywa upya.

Sasa, ni prosesa ya namna gani inayoufaa mchezo? Wengi hutazama idadi ya viini na kasi ya mapigo, wakasahau kungoja. Prosesa yenye mapigo bilioni 4 kwa sekunde hupiga pigo moja kwa robo ya nanosekunde. Kumbukumbu kuu, hata iliyo nzuri, huweza kuchukua nanosekunde 80 kujibu. Hiyo ni sawa na mapigo 320 ya kukaa bure. Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu hulifahamu jambo hili bila kusoma kitabu: karasha lenye nguvu halisagi chochote ikiwa mawe bado yako njiani. Lundo linalowekwa karibu na karasha ndilo linaloliwezesha kuendelea. Ndani ya prosesa lundo hilo ni kumbukumbu ya akiba.

Ushahidi ulionekana mwaka 2022, AMD ilipotoa Ryzen 7 5800X3D. Kasi ya mapigo yake ilikuwa pungufu kidogo kuliko ya ndugu yake, 5800X, lakini akiba yake ilikuwa megabaiti 96 badala ya 32. Katika michezo mingi ile ya mapigo madogo ndiyo iliyoshinda. Mchezo unaoonyesha picha 60 kwa sekunde huipa kompyuta milisekunde 16.7 tu kuandaa kila picha, na kungoja kwingi huonekana kwenye kioo kama kushtukashtuka.

Ubao nao una kazi ambayo matangazo hayaitaji sana. Umeme wa gridi huja kwa volti 230. Kifaa cha kugawa umeme huushusha hadi volti 12. Kisha ubao huushusha tena hadi volti 1 na kidogo. Prosesa ya wati 65 ikifanya kazi kwa volti 1.2 huvuta ampea 54 hivi, zaidi ya mara nne ya kiwango cha plagi ya ukutani ya ampea 13. Mkondo huo wote hupita katika visehemu vidogo vilivyopangwa kando ya soketi. Katika ubao wa bei rahisi visehemu hivyo huwa vichache na havina vipande vya chuma vya kupoza. Vikipata moto mno, prosesa hupunguzwa kasi, na mnunuzi hudhani ameuziwa prosesa mbovu.

Hapa Shinyanga ina mashaka yake. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya pwani, hivyo feni ile ile hubeba joto pungufu. Kiangazi huleta vumbi linaloziba mapezi ya kipozea. Anayeongeza volti ili kupata kasi na akumbuke kwamba joto hukua kwa kipeo cha pili cha volti: ongezeko la asilimia 10 huleta joto zaidi kwa asilimia 21, kabla hata ya mapigo kuongezwa. Katika mazingira hayo prosesa ya wati 65, kama Ryzen 5 5600 yenye viini 6, ni chaguo la busara kuliko jitu la wati 125.

Kwa kijana yule, chips zake za kumbukumbu za aina ya DDR4 bado zina thamani. Ubao wa AM4 utazipokea. Wa AM5, uliotoka mwaka 2022, hupokea DDR5 pekee, na gharama hupanda mara moja. Lakini kwanza afungue kasha. Kompyuta nyingi za ofisini zina kifaa cha umeme chenye plagi za kipekee na kasha lisilopokea ubao wa kawaida. Ikiwa ndivyo, bei ya vyote viwili iingizwe katika hesabu kabla ya safari ya kwenda dukani. Na siku ya kupachika, hasa mwezi wa Agosti hewa ikiwa kavu, aguse chuma cha kasha kabla ya kugusa prosesa, kwani cheche isiyosikika hata kidoleni yaweza kuiua.