MWANGA UNAOKATA CHUMA

1. Mwanga tunaoujua

Sote tunaujua mwanga. Mchana tunapata mwanga wa jua. Usiku tunawasha kibatari, tochi au taa ya umeme. Mwanga hutuwezesha kuona njia na kusoma kitabu hiki.

Lakini upo mwanga mwingine. Mwanga huo hautoki juani wala katika kibatari. Umetengenezwa na binadamu. Unaweza kukata bamba la chuma. Unaweza kutibu jicho la mgonjwa, na unaweza pia kulipofusha jicho hilo hilo. Mwanga huo unaitwa leza.

Katika somo hili tutajifunza leza ni nini, ilipatikana vipi, inafanya kazi gani, na kwa nini tujihadhari nayo.

2. Leza ni nini?

Washa tochi usiku. Mulika ukuta ulio karibu. Utaona duara dogo lenye mwanga mkali. Sasa rudi nyuma hatua 20. Duara limekuwa kubwa na mwanga umefifia. Sababu ni kwamba mwanga wa tochi hutawanyika. Tena mwanga huo ni mchanganyiko wa rangi nyingi, kama zile za upinde wa mvua.

Mwanga wa leza ni tofauti kwa mambo matatu:

(a) Ni wa rangi moja.
(b) Huenda upande mmoja, wala hautawanyiki upesi.
(c) Mawimbi yake hupanda na kushuka kwa pamoja.

Wafikirie wavuvi kumi wanaovuta mashua kuipandisha mchangani. Kila mmoja akivuta kwa wakati wake, mashua haisogei. Lakini mmoja akiita, na wote wakavuta mara moja, mashua inapanda. Watu ni wale wale na mikono ni ile ile. Kilichoongezeka ni umoja. Mwanga wa leza una nguvu kwa sababu kama hiyo. Mwanga kidogo ulio pamoja hufanya kazi ambayo mwanga mwingi uliotawanyika hauwezi kuifanya.

3. Leza ilivyopatikana

Kila kitu duniani kimeundwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo atomi. Atomi ikipewa nguvu, inaweza kuishika kwa muda mfupi, kisha ikaitoa kama mwanga.

Mwaka 1917 mtaalamu Albert Einstein alieleza jambo jipya. Alisema kuwa mwanga ukipita kwenye atomi iliyoshika nguvu, unaweza kuifanya itoe mwanga unaofanana kabisa na ule uliopita. Ni kama katika ngoma. Mmoja anaanzisha wimbo, wa pili anaupokea, kisha wa tatu na wa nne. Mwishowe uwanja mzima unaimba wimbo mmoja.

Miaka mingi ilipita kabla mtu hajaweza kutengeneza chombo cha kufanya hivyo. Mwaka 1958 Wamarekani wawili, Charles Townes na Arthur Schawlow, waliandika jinsi chombo hicho kingeweza kutengenezwa. Tarehe 16 Mei 1960 Theodore Maiman alifaulu kuitengeneza leza ya kwanza, katika jimbo la California, Marekani.

Maiman alitumia kipande kidogo cha yakuti, yaani kito chekundu. Ncha zake mbili zilipakwa fedha zikawa kama vioo. Pembeni aliweka taa yenye mwanga mkali wa ghafla. Mwanga ulikwenda na kurudi kati ya vioo viwili, ukiongezeka nguvu kila safari. Kioo kimoja kilikuwa na upenyo mdogo. Mwanga mwekundu ukatokea hapo.

Wengine waliendeleza kazi hiyo. Mwaka huo huo wa 1960 Ali Javan, mzaliwa wa Irani, na wenzake walitengeneza leza inayotumia hewa badala ya kito. Mwaka 1964 Kumar Patel, mzaliwa wa India, alitengeneza leza inayotumia hewa ya ukaa, ile tunayoitoa tunapopumua. Elimu ni mali ya watu wote.

Mwanzoni watu walitania. Walisema leza ni jibu linalotafuta swali. Hawakuona kazi yake. Leo kazi zake ni nyingi.

4. Kazi za leza

Viwandani. Almasi ni ngumu kuliko mawe yote. Waya mwembamba hutengenezwa kwa kuvutwa kupitia tundu dogo katika almasi. Kutoboa tundu hilo kwa zana za zamani kulikuwa kazi ndefu. Mwaka 1965 kiwanda kimoja cha Marekani kilianza kutoboa almasi kwa leza. Siku hizi leza hukata mabamba ya chuma na kuunganisha sehemu za magari. Haina meno kama msumeno, kwa hiyo haichakai kwa kusugua.

Hospitalini. Mwaka 1961 madaktari wa New York walitumia leza kutibu uvimbe ndani ya jicho la mgonjwa. Leo leza huwasaidia sana wagonjwa wa kisukari. Kisukari huweza kuharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho. Mishipa hiyo huvuja, na mtu huweza kupofuka. Daktari huweza kutumia leza kuzuia uharibifu usiendelee. Lakini kumbuka: kwa kawaida matibabu haya huokoa uoni uliobaki. Hayarudishi uoni uliokwisha kupotea. Kwa hiyo mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Asingoje giza liingie.

Kupima umbali. Mwanga husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Ukijua muda wa mwanga kwenda na kurudi, unaweza kujua umbali. Wapima ardhi na wajenzi hutumia leza kwa njia hiyo. Mwaka 1969 Wamarekani waliofika mwezini waliacha huko vioo maalumu. Wataalamu hupeleka mwanga wa leza kutoka duniani, nao hugonga vioo hivyo na kurudi. Safari yote huchukua kama sekunde mbili na nusu. Kwa njia hiyo tunajua kuwa mwezi unatuacha pole pole, karibu sentimita 4 kila mwaka.

Mawasiliano. Mwaka 1966 Charles Kao, mzaliwa wa China, alieleza kuwa ujumbe unaweza kupita ndani ya nyuzi nyembamba za kioo. Leza hupeleka ujumbe kwa kuwaka na kuzima mara nyingi sana kila sekunde. Waya wenye nyuzi za namna hiyo, uliolazwa chini ya bahari, ulianza kazi Dar es Salaam na Mombasa mwezi Julai 2009. Mtu akipiga simu kwenda nchi ya mbali, huenda sauti yake ikasafiri kama mwanga chini ya bahari.

Utafiti. Kazi bado inaendelea. Tarehe 5 Desemba 2022, huko California, wataalamu waliunganisha miale 192 ya leza. Waliielekeza kwenye kidonge kidogo chenye haidrojeni. Atomi ziliungana, kama zinavyoungana ndani ya jua. Nguvu iliyotoka katika kidonge ilizidi nguvu ya mwanga ulioingia. Lakini mitambo yenyewe ilitumia umeme mwingi zaidi ya nguvu hiyo. Kwa hiyo safari ya kupata umeme kwa njia hii bado ni ndefu.

5. Tujihadhari

Siku hizi kuna vitochi vidogo vya leza, vyenye umbo la kalamu. Watoto huvipenda. Humulikana usoni na kucheka. Mchezo huo ni wa hatari.

Umewahi kuona kioo cha kukuzia kikiwasha majani makavu juani? Kioo hukusanya mwanga mahali pamoja. Jicho nalo lina sehemu inayokusanya mwanga namna hiyo. Leza ikiingia, hukusanywa kwenye nukta moja nyuma ya jicho. Leza yenye nguvu huweza kuunguza mahali hapo mara moja. Mtu huenda asisikie maumivu. Baadaye ataona doa jeusi mbele yake, na huenda lisiondoke maisha yake yote.

Wahenga walisema: Mtoto akililia wembe, mpe. Lakini kidonda cha wembe hupona. Jicho lililounguzwa na leza huenda lisipone. Wembe huu usimpe.

Hata mataifa yameiona hatari hii. Mwezi Oktoba 1995, mjini Vienna, yalikubaliana kupiga marufuku silaha za leza zilizotengenezwa kwa ajili ya kupofusha watu.

Kumbuka mambo haya:

(a) Usitazame leza inakotoka.
(b) Usimmulike mtu, mnyama, dereva wala ndege ya abiria.
(c) Usiimulike kwenye kioo, kwani mwanga hurudi.
(d) Aliyemulikwa na kuona doa aende hospitali upesi.

Leza ni kama jembe. Halilimi lenyewe wala halimjeruhi mtu lenyewe. Anayelishika ndiye anayeamua, naye huamua vizuri akiwa na elimu.

Maneno mapya

Atomi: chembe ndogo sana ya kitu.
Yakuti: kito chekundu cha thamani.
Uoni: uwezo wa kuona.
Miale: mistari ya mwanga.

Maswali

1. Taja tofauti tatu kati ya mwanga wa leza na mwanga wa tochi.
2. Kutoka mwaka 1917 hadi leza ya kwanza ya 1960 ni miaka mingapi?
3. Kwa nini mgonjwa wa kisukari asingoje mpaka uoni upotee?
4. Jadilianeni darasani: Je, kijijini kwenu watoto wanacheza na vitochi vya leza? Mtafanya nini kuwalinda?
5. Andika barua fupi kwa jirani mwenye kisukari. Mweleze faida ya kupimwa macho.