Surat Ar-Rum na vita vya miaka elfu: Tusishabikie tusichokijua



Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule moja ya sekondari. Siku moja tulikuwa tunapitia Surat Ar-Rum, sura ya 30, tukafika pale Allah (S.W) anapotoa habari ya kushindwa kwa Warumi na kuahidi kwamba watarudi kushinda katika muda wa miaka michache. Nikawaeleza wanafunzi kama nilivyofundishwa: Waislamu wa Makka walihuzunika Warumi walipopigwa na Waajemi, na washirikina wa Kiqureshi wakafurahi.

Kijana mmoja akanyoosha mkono. "Ustadhi, Warumi si ndio Wazungu? Na Waajemi si ndio Iran, Waislamu wenzetu? Sasa iweje Masahaba wawe upande wa Wazungu?"

Darasa likacheka, lakini niliona wengi wanasubiri jibu. Nikasema, "Ndivyo tafsiri zinavyoeleza, tuendelee." Tukaendelea na aya inayofuata.

Kwa hakika lile halikuwa jibu. Baadaye nilikuja kujua kwamba kijana yule alikuwa ameiona filamu ya Kimarekani iitwayo 300, iliyoingia kwenye majumba ya sinema mwaka 2007, ambamo Wayunani (Wagiriki) ni mashujaa na Waajemi wanaonyeshwa kama majitu ya kutisha. Alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini akadhani kuwatetea Waajemi wale ni kuutetea Uislamu, ilhali vita vile vilipiganwa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya kuteremshwa Qur'an. Makala hii ndiyo jibu nililopaswa kulitoa siku ile.

Waajemi na Wayunani

Dola ya kwanza kubwa ya Waajemi iliasisiwa na mfalme Koreshi yapata mwaka 550 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S). Muda si mrefu akauteka ufalme wa Lydia, katika nchi ya Uturuki ya leo, na miji ya Wayunani iliyokuwa kwenye pwani ile ikawa chini yake. Wafalme hawa walikuwa na dini yao. Mfalme Dario, katika maandishi aliyoyachonga kwenye mlima wa Behistun, anamshukuru Ahura Mazda, mungu wa dini ambayo wafuasi wake Qur'an inawaita Majusi.

Mwaka 499 miji ile ya pwani iliasi. Athens ikawapelekea msaada, na mji wa Sardis ukachomwa moto. Dario akatuma jeshi kulipiza kisasi, likashindwa Marathon mwaka 490. Mwanawe, Xerxes, akaja mwenyewe mwaka 480. Akapita Thermopylae, akaichoma Athens, kisha merikebu zake zikashindwa Salamis, na mwaka uliofuata jeshi lake la nchi kavu likashindwa Plataea.

Habari hizi tumezipata karibu zote kwa Wayunani wenyewe, hasa mwanahistoria wao Herodotus. Hata hivyo, ukimsoma vizuri utaona kwamba havikuwa vita vya Wazungu dhidi ya watu wa Mashariki. Thebes, mji wa Wayunani, ulikuwa upande wa Xerxes. Na Sparta, hao hao mashujaa wa kwenye filamu, miaka sabini hivi baadaye walipokea fedha za Waajemi wakajengea merikebu za kuipiga Athens! Mwaka 386 mfalme wa Uajemi ndiye aliyewapangia Wayunani masharti ya kusuluhishana wao kwa wao.

Mwishowe Alexander wa Makedonia akaivamia Uajemi mwaka 334, na mwaka 330 mji wao wa kifalme, Persepolis, ukateketezwa.

Warumi wanaingia

Warumi walipoimarika, waliurithi ugomvi huo. Mwaka 53 kabla ya Nabii Isa (A.S) jemadari wao Crassus aliuawa karibu na Harran na jeshi la Waparthi, waliokuwa wakiitawala Uajemi wakati huo. Mwaka 260 baada ya Nabii Isa (A.S) mfalme Shapur alimteka kaisari Valerian akiwa hai. Mwaka 363 kaisari mwingine, Julian, akauawa katika nchi ya Iraq ya leo. Mpaka ukawa unasogezwa huku na huku kwa karne nyingi. Kilichogombewa kilikuwa Armenia, ardhi ya baina ya mito Furati na Tigris, njia za biashara na kodi za raia.

Vita vya mwisho ndivyo vinavyotuhusu. Mwaka 602 kaisari Maurice aliuawa na askari wake walioasi. Kisra Khosrow wa Pili, ambaye Maurice huyo ndiye aliyemsaidia kurudi kwenye kiti cha enzi, akapata sababu ya kuingia vitani. Damascus ikaanguka mwaka 613, Baytul Maqdis mwaka 614, na kufikia mwaka 619 Alexandria nayo imekwenda. Mwaka 626 askari wa Kisra walikuwa wakiutazama mji wa Constantinople (Istanbul ya leo) kutoka ng'ambo ya maji.

Ni katika kipindi hicho cha kipigo ndipo Surat Ar-Rum iliteremka Makka, kwa watu wachache wanaoteswa, wasio na jeshi wala dola. Imepokewa kwamba Abu Bakr (R.A) aliwekeana dau na washirikina juu ya ahadi ile, kabla kamari haijaharamishwa. Neno lililotumika kwa muda huo lina maana ya miaka baina ya mitatu na tisa. Kaisari Heraclius akaanza mashambulizi mwaka 622. Desemba 627 akawashinda Waajemi karibu na Ninawi, na mwaka 628 Kisra akapinduliwa na kuuawa kwa amri ya mwanawe. Wapo wafasiri wanaozinasibisha habari za ushindi huo na siku za Badr, na wengine na siku za Hudaybiya.

Masahaba walisimama wapi?

Sasa turudi kwenye swali. Wafasiri wanaeleza kwamba Waislamu waliwaelekea Warumi kwa kuwa wale ni Ahlul Kitabu, na Waqureshi waliwaelekea Waajemi kwa kuwa hawakuwa watu wa Kitabu, kama wao. Rangi wala bara havikuingia katika hesabu hiyo. Wala Waislamu hawakuwachukia Waajemi kwa kabila lao. Mwaka 627, mwaka ule ule wa vita vya Ninawi, aliyeshauri Madina ilindwe kwa kuchimba handaki ni Salman (R.A), Muajemi.

Na zile dola mbili? Zilikuwa zimekwisha kuchoka. Warumi wakaipoteza Sham baada ya Yarmuk mwaka 636, na mfalme wa mwisho wa Uajemi ya Kisra akauawa mwaka 651.

Wiki iliyofuata nilirudi darasani, nikawaambia wazi kwamba sikuwa nimelijibu swali, nikawaeleza haya yote. Kijana yule akauliza tena: "Kwa hiyo Ustadhi, mwaka ule wa Xerxes sisi tungekuwa upande gani?"

Nikamwambia kwamba Herodotus anawataja watu weusi wa kusini ya Misri ndani ya jeshi lile, wamevaa ngozi za chui na simba. Huenda tungekuwa mle, tukitembezwa kwenda kufa katika ugomvi wa wafalme wasiotujua hata majina. Safari hii hakucheka mtu.

Allah (S.W) atuwezeshe kujua kabla ya kushabikia. Amin.