Ujumbe wa Afya Katika Stempu za Posta za Marekani: Somo kwa Watoa Huduma na Wagonjwa

Utangulizi

Stempu ya posta ni karatasi ndogo kuliko kiganja cha mtoto mchanga, lakini kila taifa huitumia kutangaza yale linayoyathamini: viongozi wake, wanyama wake, sikukuu zake na mashujaa wake. Posta ya Marekani imeitumia karatasi hiyo pia kuzungumzia maradhi. Malaria, polio, saratani, UKIMWI, kisukari na selimundu ni miongoni mwa maradhi yaliyowahi kupewa stempu nchini humo.

Makala haya yanazichunguza baadhi ya stempu hizo kwa jicho la mtoa huduma za afya. Mchoraji wa stempu hana nafasi ya kufafanua. Ana mchoro mmoja na maneno matatu, manne au matano, kisha ujumbe wake unasambazwa kwa mamilioni ya watu asioweza kuwajibu wakiuliza swali. Hali hiyo haitofautiani sana na ya muuguzi anayeandika bango la ukutani, au ya daktari mwenye dakika tano za kumweleza mgonjwa jambo zito. Swali linalotuongoza ni hili: ni ujumbe mfupi wa namna gani unaodumu kuwa wa kweli, na ni wa namna gani unaoweza kumpotosha mtu ijapokuwa uliandikwa kwa nia njema?

Stempu zinazochangisha fedha

Uhusiano wa stempu na tiba ni wa tangu zamani. Mwaka 1897, koloni la New South Wales huko Australia lilitoa stempu mbili zilizouzwa kwa bei kubwa kuliko thamani yake ya posta. Ile ya peni moja iliuzwa kwa shilingi moja, na ziada ilikwenda kwenye makao ya wagonjwa wa kifua kikuu. Stempu hizo huhesabiwa kuwa za kwanza za aina hiyo duniani.

Marekani ilichelewa kuufuata mtindo huo kwa karne nzima. Wazo lilitoka kwa Ernie Bodai, daktari wa upasuaji wa California aliyewatibu wanawake wenye saratani ya matiti. Baada ya kampeni yake ya kuwashawishi wabunge, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1997, na tarehe 29 Julai 1998 stempu ya utafiti wa saratani ya matiti ilianza kutolewa. Wakati huo gharama ya kutuma barua ilikuwa senti 32, ilhali stempu hiyo iliuzwa kwa senti 40. Sheria iliagiza kwamba asilimia 70 ya ziada, baada ya kutoa gharama, iende kwenye Taasisi za Taifa za Afya, na asilimia 30 iende kwenye mpango wa utafiti wa tiba ulio chini ya Wizara ya Ulinzi. Zaidi ya stempu bilioni moja zimeuzwa, na zimeingiza zaidi ya dola milioni 90 kwa ajili ya utafiti.

Mafanikio hayo ya fedha ni makubwa. Hata hivyo, stempu nyingi za afya hazikuchangisha hata senti moja. Kazi yake ilikuwa kusema neno, na ni neno hilo tunalopaswa kulipima.

Maneno yanayotaja lengo

Mwaka 1965 Posta ya Marekani ilitoa stempu ya senti 5 yenye picha ya hadubini na stetoskopu. Ujumbe wake ulikuwa kwamba kuugundua ugonjwa wa saratani mapema huokoa maisha. Mwaka 1978 ikafuata stempu ya senti 13 iliyomwonyesha Dakta George Papanicolaou, mzaliwa wa Ugiriki aliyebuni njia ya kuchunguza chembe za mlango wa kizazi kwa hadubini. Stempu hiyo nayo ilisisitiza ugunduzi wa mapema wa saratani.

Tangu miaka hiyo, mbinu za uchunguzi zimebadilika. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kipimo cha vinasaba vya kirusi cha HPV ndicho kiwe chaguo la kwanza katika kuchunguza saratani ya mlango wa kizazi. Katika vituo vingi vya Afrika Mashariki, wanawake huchunguzwa kwa njia ya kupaka siki na kuangalia mabadiliko ya rangi. Juu ya hayo, wasichana hupewa chanjo ambayo mwaka 1978 haikuwapo. Zana zimebadilika, lakini maneno ya stempu zile mbili hayajapitwa na wakati. Yalitaja lengo, yaani kuugundua ugonjwa mapema, bila kumfunga msomaji kwenye zana moja.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni stempu ya selimundu ya mwaka 2004, iliyochorwa na James Gurney. Inamwonyesha mama akimbusu mtoto wake mchanga, na maneno yake yanahimiza kupima selimundu mapema. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi huzaliwa na ugonjwa huo, hivyo wito wa stempu ile unatuhusu moja kwa moja.

Wito huo una msingi madhubuti wa kitabibu. Mwaka 1986 ulitangazwa utafiti uliofanyika Marekani kwa watoto wadogo wenye selimundu. Watoto waliopewa penisilini ya kunywa kila siku walipata maambukizi makali ya bakteria wa nimonia kwa kiwango cha chini kwa asilimia 84 kuliko wenzao ambao hawakuipata. Kinga hiyo haiwezi kumfikia mtoto ambaye hajulikani kuwa ana ugonjwa. Kupima mapema ndiko kunakofungua mlango wa penisilini, chanjo, kinga ya malaria na elimu kwa wazazi juu ya dalili za hatari. Hivyo basi, maneno machache yaliyo juu ya picha ya mama na mtoto yamebeba uthibitisho wa kisayansi, na mzazi anaweza kuyatekeleza bila kupata madhara.

Maneno yanayotaja kipimo na muda

Sasa tutazame mfano wa upande wa pili. Mwaka 1999 Posta ya Marekani ilitoa stempu ya senti 33 kuhusu saratani ya tezi dume. Maneno yake yalihimiza uchunguzi na vipimo vya kila mwaka. Kwa wakati ule, ushauri huo ulionekana kuwa wa busara kabisa.

Kipimo cha damu kilichotumika sana ni kile cha PSA, yaani protini inayotengenezwa na tezi dume. Protini hiyo huweza kuongezeka kwa sababu ya saratani, lakini pia kwa sababu ya uvimbe wa kawaida wa uzeeni au maambukizi. Aidha, kipimo hicho hugundua baadhi ya saratani zinazokua polepole mno, ambazo zisingemdhuru mtu maishani mwake. Mwanamume wa namna hiyo akifanyiwa upasuaji au akichomwa kwa mionzi, anaweza kubaki na tatizo la kushindwa kuzuia mkojo au upungufu wa nguvu za kiume, bila kuongezewa hata siku moja ya kuishi.

Kwa sababu hizo, mwaka 2012 jopo la wataalamu wanaoshauri juu ya huduma za kinga nchini Marekani lilipendekeza kwamba wanaume wasio na dalili wasipimwe PSA kama jambo la kawaida. Mwaka 2018 jopo hilo lilirekebisha kauli yake: mwanamume wa miaka 55 hadi 69 aamue mwenyewe baada ya kuzungumza na daktari wake kuhusu faida na madhara, na mwenye miaka 70 au zaidi asipimwe kwa utaratibu huo. Kauli iliyochapishwa kwenye stempu ilikuwa imepitwa na wakati katika muda wa miaka 13.

Haifai kuwalaumu waliobuni stempu hiyo, kwani waliandika yale yaliyoaminika katika zama zao. Somo letu ni kwamba ujumbe unaotaja kipimo fulani na muda maalumu huzeeka upesi, na karatasi ndogo haina mahali pa kuweka neno “isipokuwa”. Pale ambapo uamuzi sahihi unahitaji mazungumzo, ujumbe bora ni ule unaomwita mtu kwenye mazungumzo.

Picha nayo husema

Mchoro hutoa ushauri kama maneno yanavyofanya. Stempu ya mwaka 1993 kuhusu UKIMWI, iliyotolewa tarehe 1 Desemba, ilionyesha utepe mwekundu. Haikumwonyesha mgonjwa aliyekonda wala fuvu la kichwa. Katika miaka ambayo woga na unyanyapaa vilitawala, alama ya mshikamano ilimwezesha mtu yeyote kuibandika kwenye barua bila kumwaibisha yeyote.

Stempu ya saratani ya matiti ilikwenda hatua moja zaidi. Ilisanifiwa na Ethel Kessler, ambaye mwenyewe aliwahi kuugua saratani hiyo na kupona, na ikachorwa na Whitney Sherman. Inaonyesha mungu wa kike wa mawindo wa hadithi za kale, ameinua mkono nyuma ya kichwa akichomoa mshale kutoka kwenye podo. Mkao huo wa mkono unafanana na ule wa mwanamke anayejichunguza titi au anayepigwa picha ya eksirei ya matiti. Mgonjwa hakuchorwa kama mtu wa kuhurumiwa. Amechorwa kama mpiganaji, na yeye ndiye anayetenda.

Hata hivyo, picha hii njema inahitaji maelezo. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Shanghai, China, uliowahusisha wafanyakazi wanawake zaidi ya 260,000 wa viwanda vya nguo. Wale waliofundishwa kujichunguza matiti kwa utaratibu maalumu hawakufa kwa saratani hiyo kwa idadi ndogo kuliko wenzao, ila walikatwa vinyama vya uchunguzi mara nyingi zaidi kwa vivimbe visivyo saratani. Matokeo hayo hayamaanishi kwamba mwanamke apuuze mwili wake. Yanamaanisha kwamba kujichunguza hakuwezi kuchukua nafasi ya uchunguzi wa kitaalamu. Mwanamke anayeona uvimbe mpya, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani au usaha na damu kwenye chuchu anapaswa kufika kituoni bila kusubiri mwezi ujao.

Kutoka kwenye stempu hadi kwenye ukuta wa zahanati

Jamii ya Waswahili haihitaji kufundishwa thamani ya maneno machache. Anayechagua jina la kanga hulisoma mara mbili kabla ya kulipa, kwa kuwa anajua kwamba litasomwa na watu wengi wala yeye hatakuwapo kulieleza. Tahadhari hiyo hiyo inahitajika katika mabango yetu. Kauli iliyozoeleka kwamba kinga ni bora kuliko tiba ni ya kweli, lakini mtu akiisoma hajui afanye nini akitoka mlangoni.

Kutokana na mifano tuliyoichambua, kabla ya kubandika ujumbe wowote, mtoa huduma ajiulize mambo manne:

1. Je, ujumbe unamwonyesha msomaji kitendo kimoja anachoweza kukifanya?
2. Je, msomaji ameonyeshwa kama mtendaji mwenye heshima, au kama mtu wa kuogopwa na kuhurumiwa?
3. Je, ushauri huu unamfaa kila anayepita hapa? Ikiwa unawafaa baadhi tu, je, bango linawaita waje kuuliza?
4. Je, ujumbe una tarehe, na nani ana jukumu la kuupitia upya miongozo inapobadilika?

Swali la nne ndilo husahaulika mara nyingi. Stempu ikishatumika hupigwa muhuri wa tarehe, na anayeiona baadaye hujua ni ya zama gani. Bango la ukutani halina muhuri. Linaweza kuendelea kutoa ushauri wa zamani kwa wagonjwa wapya mwaka baada ya mwaka.

Neno kwa mgonjwa na jamaa zake

Ndugu msomaji, ujumbe mfupi unaouona ukutani, redioni au kwenye simu ni mwanzo wa safari ya kutafuta afya. Ukiuona, uliza maswali matatu: Je, unanihusu mimi, kwa umri wangu na hali yangu? Nikipimwa na kukutwa na tatizo, nini kitafuata? Je, kipimo hiki kina madhara gani? Mtoa huduma mwema hatachukizwa na maswali hayo.

Tena, usiruhusu bango lishinde mwili wako. Ikiwa tangazo linasema huna haja ya kupimwa, nawe una dalili inayokutia shaka, nenda ukaonwe. Ushauri wa kampeni hutolewa kwa watu wasio na dalili. Mwenye dalili ni mgonjwa, na haki yake ni kusikilizwa.

Maswali ya majadiliano

1. Chagua bango moja lililopo katika kituo chako. Je, linataja lengo, au linataja kipimo na muda?
2. Kwa maneno yasiyozidi matano, andika ujumbe wa kuwahimiza wazazi kupima selimundu kwa watoto wachanga, kisha mwombe mzazi mmoja akueleze alivyouelewa.
3. Ungemweleza vipi mwanamume wa miaka 60 asiye na dalili, anayeomba kipimo cha PSA, ili aamue mwenyewe akiwa na taarifa kamili?